Bi Maabara na Maneno ya Pembeni

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa la usafi. Nilichukua fomu thelathini na mbili tulizozijaza Mkokotoni, fomu zilizokunjika, zenye mabaka ya chai na mwandiko wa haraka uliopanda mpaka pembeni mwa karatasi, nikakaa nazo Jumamosi nzima kuzinakili upya. Niliandika kwa kalamu mpya ya buluu. Kila alama ya vema ilikaa katikati ya kisanduku chake. Maneno ya pembeni sikuyanakili, kwa sababu hayakuwa na kisanduku. Kisha zile za zamani nikazichana vipande vipande, nikazitia katika pipa la taka la ofisi, na nikafurahi. Wallahi nilifurahi.

Jumatatu nikamkabidhi Bi Maabara, msimamizi wetu. Akafunua ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Nzuri," akasema. "Mwandiko kama wa kadi ya harusi. Na watu wako wapi?"

"Watu gani, Bi?"

"Watu. Hawa tuliokaa nao siku mbili."

"Majibu yote yamo, Bi. Nimeyahakiki mara tatu."

"Majibu nnayaona. Nakuuliza watu."

Nikamweleza habari ya pipa. Pipa lenyewe lilishamwagwa asubuhi. Hakunipigia kelele, na mimi ningependelea kelele. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya mtandio wake, akasema, "Umewaosha, mwanangu. Umewaosha wametakata wote, hajulikani tena nani ni nani."

Kazi yenyewe ilikuwa kuwauliza watu wa Unguja wanaonaje habari ya kumpima mtoto angali tumboni, ili ijulikane kama atazaliwa na maradhi ya kurithi, hasa selimundu, ambayo kwetu wengi huiita siko seli. Watafiti walitaka kujua kama wazee wanaona tofauti na vijana, wanawake tofauti na wanaume, waliosoma tofauti na wasiosoma, watu wa mjini tofauti na wa shamba. Mimi niliajiriwa kuuliza na kuzitunza fomu. Sikuisomea kazi hii popote. Nilijifundisha kwa simu na kwa vitabu vya kuazima, na mtu aliyejifundisha mwenyewe huwa na hofu moja isiyomtoka: kwamba siku moja atatokea aliyesoma kweli amuulize nani kakuruhusu kukaa hapa. Ndiyo maana nilivipenda visanduku. Kisanduku kikijaa vizuri, hakuna wa kukuuliza kitu.

Bi Maabara hakuvipenda. Alikuwa amefanya kazi ya maabara ya hospitali zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu, na jina lake halisi, ingawa nalijua, sijapata kumsikia mtu akilitumia. Alikuwa Bi Maabara kwa watoto na kwa wazee, kwa sheha na kwa muuza maandazi. Sasa yuko Muscat kwa mwanawe, na sijui huko wanamwitaje.

Kutembea naye Darajani kulikuwa kazi. Wanaume wenye ndevu, wenye maduka yao na wajukuu wao, walikuwa wakimuona kwa mbali wanainua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kile alichowatoboa walipokuwa watoto wa homa.

"Bi Maabara! Mpaka leo kinauma!"

"Kinauma kwa uchafu! Nlikwambia ukaoshe mikono, na mpaka leo hujaosha!"

Wenzao wakacheka, na yeye akapita bila ya kupunguza mwendo. Alivaa buibui jeusi na chini yake raba nyeupe za mchezo, ambazo kila Ijumaa asubuhi alizisugua kwa mswaki mkuukuu mpaka zikawa kama chaki. Mkoba wake ulikuwa na vitu vinne visivyobadilika: ubuyu, chupa ya chai ya tangawizi, kalamu za risasi, na takia dogo la kukalia. Kiti cha mwenyeji hakukitaka. Akiingia nyumba ya watu anaweka takia lake sakafuni, anakaa, na kama kuna mchele wa kuchambua anavuta sinia. Mimi nilisimama na ubao wangu wa fomu kifuani kama mpiga picha wa harusi asiyealikwa.

"Kaa," alikuwa akiniambia. "Mtu hasemi na mti."

Mwanamke huyu aliyetoboa vidole vya nusu ya mji hakuweza kuiona damu yake mwenyewe. Siku moja ofisini alijikata kwa kifuniko cha kopo la maziwa. Tone moja tu. Akakaa chini palepale, uso umegeuka rangi ya majivu, tukampepea kwa fomu. Alipozindukana wa kwanza kucheka alikuwa yeye.

"Ya watu naiona rangi," akasema. "Yangu naiona damu."

Nililichukua kama mzaha. Wakati ule kila alichokisema nilikichukua ama kama mzaha ama kama sheria, na sikujua kama kuna kitu katikati.

Sheria yake kubwa ilihusu ukurasa wa kwanza. Huo ndio uliokuwa na umri, dini, elimu, kazi na shehia anayokaa mtu, na fomu ilitutaka tuanze nao. Yeye aliuacha mwisho. "Ukimuuliza mtu mwanzo kasoma mpaka wapi, basi jibu lolote litakalofuata litavaa sare ya skuli. Muulize dini kwanza, atakujibu kama imamu yuko mlangoni." Niliona anavunja utaratibu, na nilikosa usingizi kwa hilo. Niliandika hata barua ya kumshitaki kwa wakubwa. Niliirekebisha mara nyingi hata ikawa nzuri mno kupelekwa, ikabaki.

Kilichonitibu ni watu wenyewe. Mimi kichwani nilikuwa nimeshawapangia majibu. Tulipoingia duka la vitambaa Mlandege, mwenye duka alikuwa mzee wa kofia ya mkono, alama ya sijda kwenye paji la uso, tasbihi juu ya mita ya kupimia. Nikaona hapana, tena yenye aya. Bi Maabara akajifanya anachagua kitambaa cha pazia, akamuuliza taratibu.

"Ndugu zangu wawili walikwenda na maradhi hayo," mzee akasema. "Ingekuwapo njia ya kujua, ningejua jana." Akakunja kitambaa, akakikunjua. "Lakini usiniulize ningefanya nini nikishajua. Hilo si swali la dukani."

Kisanduku kilisema ndiyo. Pembeni Bi Maabara akaandika kwa kalamu ya risasi: *Si swali la dukani.*

Chukwani tulikutana na bibi mmoja kijana, ana shahada, anafanya kazi ya kompyuta nyumbani kwake. Kwa huyu nilikuwa na ndiyo tayari, kalamu ishateremka.

"Sitaki," akasema. "Nikishajua silali tena mpaka nizae. Na mkwe wangu atajua kabla yangu."

"Kumbe na yeye mkweo ni maabara?" Bi Maabara akamuuliza.

"Wewe Bi, huyo anapima kwa macho!"

Wakacheka hata chai ikamwagika juu ya fomu. Likaongezeka baka jingine.

Na Mwanakwerekwe kulikuwa na mume na mke, Wakristo, wazee wao walitoka Bara. Mume fundi seremala. Alisema anataka kujua, mtu ajiandae. Mkewe alikuwa akimenya viazi, akaweka kisu chini.

"Ujiandae nini wewe? Kitanda cha mtoto wa kwanza mpaka leo hakina miguu, na mtoto yuko darasa la pili!"

"Si nilikuwa na oda za watu, mama Neema."

"Basi na huyu wa tumboni mwambie asubiri oda za watu. Mimi sitaki kujua."

Bi Maabara akaandika ndiyo ya mume na hapana ya mke, na pembeni mwa zote mbili: *Kitanda hakijaisha.*

Dini nayo haikunipa nilichotarajia. Wapo walionitajia siku mia na ishirini, kwamba kabla ya hapo roho haijapulizwa na baada ya hapo mlango wa kuitoa mimba umefungwa. Wapo waliosema kujua si dhambi, dhambi iko kwenye utakachofanya. Wanaume wawili waliotoka msikiti mmoja, wakavaa viatu kwenye ngazi moja, walinipa majibu mawili. Nilirudi kwa Bi Maabara nimechanganyikiwa, kwa sababu jedwali langu halikuwa likikaa sawa.

"Jedwali litakaa," akasema. "Lakini usimpangie mtu jibu kwa kofia yake."

Sitaki nimfanye mtakatifu. Alikuwa mkali kwa waliosoma, wakati mwingine bila ya haki, na alipenda umbea wa harusi kuliko mtu yeyote niliyepata kumjua: nani kavaa nini, pilau ya nani ilikuwa mbichi. Ila jibu la mtu alilolipata juu ya takia lile halikutoka mdomoni mwake hata kwa kisu. Alisahau siku za kuzaliwa za wajukuu wake akakumbuka kundi la damu la dereva wetu. Na wakati wa mafunzo, tulipotakiwa tuulizane wenyewe kwa wenyewe ili tuzoee, zamu yake ya kujibu ilipofika alisema anakwenda kusali adhuhuri. Adhuhuri ilikuwa bado saa nzima.

Baada ya kosa langu la usafi alinirejesha Mkokotoni, nyumba kwa nyumba. Maneno mengi ya pembeni aliyakumbuka mwenyewe, na watu wengine walitucheka tu wakarudia. Lakini kulikuwa na mama mmoja wa Kitumbatu, muuza pweza, ambaye mara ya kwanza alisema na Bi Maabara muda mrefu, mpaka pembe zote nne za karatasi zikajaa. Bi Maabara alikumbuka kwamba yalikuwa juu ya mtoto wake aliyefariki. Maneno yenyewe hakuyakumbuka, na hakukubali kuyatunga.

Tulimkuta mlangoni. Bi Maabara akaomba radhi, akasema karatasi imepotea. Sikumuacha aubebe uongo ule. Nikasema ni mimi niliyeichana.

Yule mama akanitazama kutoka juu mpaka kwenye viatu. "Andika hapana," akasema. "Yale nshayasema. Siyarejei tena."

Hata leo sijui alisema nini. Katika jedwali yeye ni hapana moja kati ya nyingine.

Sasa niseme lililokuwa likinitafuna muda wote huo. Wiki ile ya mafunzo walitupa nafasi ya kupimwa sisi wenyewe, na aliyenitoboa kidole ni Bi Maabara. Jibu likatoka: mimi ni mbebaji. Mbebaji haumwi. Lakini akioana na mbebaji mwenziwe, mtoto anaweza kuzaliwa na maradhi yenyewe. Alinipa karatasi imekunjwa mara mbili.

"Mkeo kashapima?"

"Tutapima, inshaallah."

Nilikuwa na miezi minne ya ndoa. Karatasi niliitia katika boksi la viatu vya harusi, chini ya ile karatasi laini inayofunikia viatu. Sikumwambia. Nilisema nitamwambia Ramadhani ikipita; ikapita. Nilisema nitamwambia nikipata maneno mazuri, na mimi maneno yangu huwa hayawi mazuri ya kutosha. Kila siku niliamka nikazunguka kisiwa kuwauliza watu: je, ungependa kujua? Kila jioni nikarudi kwa mwanamke niliyemnyima hilohilo. Mradi ukaisha. Mke wangu akashika mimba.

Mimba ilipotimiza mwezi wa tatu nilikwenda kwa Bi Maabara, Mkunazini, ghorofa ya pili, baada ya alasiri. Magoti yalikuwa yamemshinda. Hakuwa akitoka tena. Lakini ilikuwa Ijumaa, na raba nyeupe zilikuwa dirishani, zimesuguliwa, zinakauka. Sikuuliza zinasuguliwa za nini. Niliziona nikataka kulia, na nikajifanya natazama nje.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Nani kakuchana safari hii?"

Nikamwambia habari ya mimba. Akanipa hongera, akanitilia chai, kisha akauliza swali lilelile, kwa sauti ileile ya siku ya kidole. "Kashapima?"

Nikaikoroga chai, na sukari ilishayeyuka.

"Hujamwambia."

"Sijamwambia."

Nilingoja anigombeze au anishauri. Hakufanya hata moja. Alinyosha mkono. "Unayo fomu?"

Nilikuwa nayo. Kila mara mkobani mwangu huwa na fomu moja tupu, isiyo na mkunjo. Akaniambia nikae chini, nikakaa juu ya takia lake.

"Niulize. Ukurasa wa kwanza mwisho."

Nikamuuliza. Tulipofika kwenye swali lenyewe alitazama raba zake dirishani.

"Mwanangu wa kwanza alifariki na miaka minne," akasema. "Homa, na maumivu ya mifupa. Wakati ule hatukuwa na jina lake. Nilikuja kuajiriwa maabara, nikafundishwa kipimo, ndipo nikaanza kudhani. Na mimba ya pili nnayo. Nikamwambia mume wangu njoo nikupime malaria. Akaja, maskini, na kidole keshakinyosha. Nikaweka damu yake kwenye kioo, nikatia dawa, nikafunika. Kipimo kile ulikuwa ukisubiri mpaka kesho yake. Kama chembe zimejipinda kama mundu, basi umejua."

"Zikawa zimejipinda?"

"Kesho yake nilifika wa mwanzo. Nikawasha hadubini. Kioo nnacho mkononi." Akanywa chai. "Nikakiosha. Kwa sabuni. Nikakianika na vingine."

Chini mtu alikuwa akimwita mwanawe, na mtoto akajibu naam, naam, bila ya kwenda.

"Na huyo wa pili, Bi?"

"Ndiye huyo wa Muscat. Mzima kama chuma. Lakini utoto wake wote, akisema mguu unauma tu, mimi nshakufa. Mwanangu mzima, na mimi nikamlea kama maiti mtarajiwa. Mume wangu akauliza una nini. Sina kitu. Kafa hajui kama nilimtoboa kwa jambo jengine." Akanionesha kisanduku kwa ncha ya kidole. "Tia ndiyo. Ningependa kujua. Na pembeni andika: alikuwa nacho mkononi, akakiosha."

Nikaandika. Mwandiko ulitoka mbaya.

"Ukurasa wa kwanza," nikasema. "Elimu?"

"Andika ya kutosha. Uone ilinisaidia nini."

Aliponisindikiza mpaka kwenye ngazi alisema neno moja tu: "Hiyo usiinakili."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumuona. Wiki mbili baadaye mwanawe alikuja kumchukua.

Siku ileile nilimkuta mke wangu jikoni, yuko juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilimpa karatasi ya boksi la viatu. Aliisoma, mkono mmoja una machicha.

"Tangu lini?"

"Kabla ya Ramadhani iliyopita."

"Na ukizunguka kuwauliza wake za watu?"

"Naam."

Akaendelea kukuna nazi mpaka kifuu kikabaki kitupu, kisha akaendelea kukikuna kifuu. Wiki ile akapimwa. Na yeye ni mbebaji. Daktari alitueleza kuwa mtoto anaweza kuwa mzima, anaweza kuwa mbebaji kama sisi, anaweza kuwa na maradhi. Na kwamba kipimo cha tumboni kipo Bara, tukikitaka tusichelewe. Tulirudi nyumbani. Alipovua buibui akakaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Lete fomu yako. Niulize mimi kama ulivyokuwa ukiwauliza hao."

Nikakaa mbele yake. Nikaruka ukurasa wa kwanza. Nikamsomea swali kama lilivyo: je, ungependa kujua kabla mtoto hajazaliwa?

Alifikiri muda mrefu kuliko mtu yeyote niliyepata kumuuliza.

"Tia ndiyo," akasema. "Na ningefanya nini, hapo usitie kitu, sijui. Na pembeni andika: baba yake alijua mwaka mzima kabla yangu."

"Niandike hivyo?"

"Hivyohivyo. Na usipambe."

Nikaandika hivyohivyo.

Tiketi za boti ya Dar ziko juu ya kabati. Tunavuka Jumatatu, wawili. Mke wangu anajua ninachobeba, na mimi najua anachobeba yeye. Fomu ninazojaza siku hizi, za mradi mwingine, zina maneno pembeni, na sizinakili.